Tangazo la Msiba wa Mzee Baha

Kuni ndizo zilizotangulia kufika. Paskalina alikuwa uani anapeta maharage, mawazo yake yote yako kwenye dawa za mkwewe zilizokuwa zinaelekea ukingoni, mara akasikia kishindo cha mzigo ukitupwa nje ya jiko. Kuinua macho, anamwona Selestina, jirani yake na kiongozi wa jumuiya yao ya kanisa pale Rhotia, kanga kaifunga kiunoni, machozi yanamtiririka. Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wanaingia, huyu na kuni, yule na debe la mahindi, na mwingine kabeba kichwani sufuria kubwa ya jumuiya, ile ambayo haitoki stoo mpaka kuwe na harusi au msiba.

"Mama Anitha, pole! Pole mwenzangu! Mtu jana tu nimemwona anapita na jembe lake!"

"Nani?" Paskalina akauliza.

Badala ya kumjibu, Selestina alimkumbatia, akamlilia begani. Alipopata pumzi ndipo akasema: "Gari limepita barabarani asubuhi hii linatangaza. Mzee Baha hatunaye tena, Jumamosi saa nane wote tukamuage ukumbini Karatu. Sasa jamani, mbona hamkutuita? Sisi wa kusikia kwa spika kama watu wa mbali?"

Mzee Baha alikuwa Dominic, mume wa Paskalina. Hakubatizwa hivyo. Hilo lilikuwa jina la mzee mbishi, mchoyo, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka, ambaye Dominic alikuwa amemwigiza kwa miaka mingi mpaka watu, kuanzia sokoni Karatu hadi Mbulumbulu, walikuwa wameshasahau kama ana jina jingine. Na huyo marehemu, wakati huo analiliwa, alikuwa ndani ya bafu la maturubai nyuma ya nyumba, anasugua miguu.

Paskalina aligeuza shingo kutazama huko. Kwenye upenyo wa turubai aliona jicho moja, na chini yake kidole chenye povu la sabuni kimewekwa juu ya midomo. Hapo ndipo alipoelewa.

Angesema pale pale, mambo yangeishia kwenye kicheko na matusi mawili matatu ya mapenzi. Selestina angemtupia Dominic kuni ya mgongo na watu wangerudi makwao wanacheka. Lakini hakusema. Alisimama na ungo mkononi, na wale wanawake wakadhani ni majonzi yamemziba mdomo, wakampokonya ungo taratibu, wakamkalisha kwenye mkeka.

Alipopata upenyo aliingia ndani. Dominic alikuwa ameshapenya kwa dirisha la nyuma, taulo kiunoni, maji yanamchuruzika sakafuni.

"Dominic, kuna watu wanalia huko nje. Wanakulilia wewe."

"Nimesikia."

"Umesikia! Toka basi uwaambie."

"Nisikilize kwanza, mama Anitha. Mchezo wa Jumamosi unaitwa Mazishi ya Mzee Baha. Mwenyekiti wetu Elirehema kasema tukibandika mabango tu nani atanunua tiketi? Watu wa huku hawajazoea kutoa hela waangalie maigizo. Ila msibani nani haji? Gari linatangaza kifo, mji mzima unaulizana, siku ikifika wanakuta mlangoni ni mchezo, wanacheka, wanalipa, wanaingia. Ni matangazo tu."

"Na hawa walioleta mahindi?"

Dominic alijifuta uso. "Gari lilikuwa lisifike huku. Lilikuwa la mjini tu. Obed kapitiliza, si unamjua, akishika ile maiki hasikii."

"Sasa si utoke?"

"Nikitoka sasa hivi, jioni Karatu yote inajua ni uongo, na Jumamosi tunaigizia viti. Ukumbi kaulipia Elirehema kwa mkopo wa jina lake. Umoja wetu wa maigizo ukianguka safari hii, niende wapi mimi? Loji za watalii hazituiti tena. Nikavune vitunguu Baray na mgongo huu? Ni hadi Jumamosi tu, mke wangu. Nakuomba."

Alikuwa amemshika mikono, na mikono yake bado ina baridi ya maji. Paskalina alimpenda mume huyu, hilo halikuwa na ubishi. Alimpenda hata alipokuwa mjinga. Aliwaza dawa za mkwe, akawaza ada ya Anitha. Halafu akawaza ile sufuria ya jumuiya iliyoko nje. Pale Rhotia mtu anaweza kukosa bati, akakosa mbegu, akakosa hata chumvi, lakini watu wa kumzika hakosi. Ndicho kitu pekee ambacho nyumba yake ilikuwa nacho sawasawa na nyumba ya mwenye trekta, na sasa mume wake alikuwa anamwomba akichezee.

Xavery, balozi wa nyumba kumi, alipiga hodi mlangoni, sauti ya chini, kofia mkononi. "Shemeji, samahani. Vijana wanauliza. Mwili uko wapi? Na kaburi tuchimbe juu kwa baba yake, au huku chini?"

"Mwili uko mjini," Paskalina akasema.

Maneno yalimtoka yenyewe, na yalipotoka hakuweza kuyarudisha. Xavery aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwaambia vijana wasubiri. Paskalina alibaki kushika fremu ya mlango, aibu imempanda mpaka masikioni. Kunyamaza ni kitu kimoja. Kusema ni kitu kingine, na sasa alikuwa amesema.

Ndani ya chumba cha pili kitanda kililia. Bibi Flaviana, mama yake Dominic, alikuwa haoni vizuri tena, na miguu ilishamkataa, lakini masikio yake yalikuwa ya msichana.

"Nani kafa?" aliuliza.

Dominic aliingia akapiga magoti. "Hakuna aliyekufa, aayo, mama yangu. Ni kazi."

"Wanataja jina lako huko nje. Kazi ya kufa ndiyo kazi gani?"

"Ni matangazo, aayo. Polepole, watasikia."

Bibi alipapasa mpaka akamshika kichwa, akapitisha mikono kwenye masikio, pua, ndevu zilizolowa. Alipomaliza kuhakikisha ni mwanawe aliomba fimbo. Dominic alijaribu kumzuia, akapigwa nayo ya mkono, na sauti ilipopandishwa nje na wanawake wakaanza wimbo wa kanisani, akaogopa kuonekana, akaingia chini ya kitanda. Mtu mzima, na taulo lake.

Sijui yule bibi kizee nguvu alizitoa wapi. Alijikokota kwa ukuta hadi mlango wa mbele, akasimama kwenye mwanga ambao hakuuona, akasema kwa sauti kavu: "Nyamazeni. Hapa hakuna maiti. Mwanangu yuko chini ya kitanda changu, ananuka sabuni."

Wimbo ulikatika. Vijana wawili wakacheka, kisha wakaona hakuna anayewafuata, wakaacha. Dominic alitoka, hakuwa na namna, kavaa suruali upande upande, akaanza kueleza: Umoja, tiketi, Obed, gari. Alieleza vizuri maana kuongea mbele za watu ndiyo kazi yake. Wanawake walikuwa wanamtazama Paskalina, si yeye. Yeye walikuwa wameshamzoea kwa vituko.

"Ulijua?" Selestina alimuuliza.

"Nimejua mlipokuja."

"Xavery kakuuliza mwili. Ukasema uko mjini."

Paskalina aliinamisha kichwa.

Basi wakaanza kuchukua vyao. Hawakugombana, na hicho ndicho kilichouma. Kila mmoja alitafuta kuni zake kwenye lundo akazifunga upya. Debe la mahindi likarudi kichwani. Mmoja aliuzima moto waliokuwa wameuwasha, akakusanya mafiga aliyokuja nayo. Selestina alikuwa wa mwisho. Alijifuta macho kwa pindo la kanga.

"Kuni nabeba," alisema. "Kilio changu ndicho siwezi kukibeba kurudi nacho. Hicho kimebaki kwenu."

*

Kesho yake Paskalina alipanda bodaboda hadi Karatu, kwenye ofisi ya Umoja wa Maigizo ya Jukwaani, chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Alisubirishwa kwenye benchi pamoja na watengeneza mabango, akapewa soda asiyoitaka. Elirehema, mwenyekiti, alipomwita alisimama kabisa kumpokea. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mrefu, msafi, aliyepeleka watalii Ngorongoro miaka mingi kabla hajauza gari lake na kuanzisha Umoja.

"Dada Paskalina, nimesikia. Pole sana. Obed nimemgombeza."

"Sitaki Obed agombezwe. Nataka gari lirudi Rhotia leo, litangaze kuwa lilikuwa kosa, na mseme samahani."

"Litarudi. Jumapili."

"Leo."

Elirehema alishusha pumzi. Alikuwa mtu mwenye adabu, na ilikuwa shida zaidi kumchukia. "Dada yangu, ngoja nikwambie ukweli. Unajua wanavyoigiza kule kwenye loji? Kati ya supu na nyama. Mzungu anatafuna, Dominic anajiangusha jukwaani, mhudumu anapita katikati na sahani. Nimesimama nyuma pale nikaona aibu mimi, sijui yeye. Mwigizaji mzuri kuliko wote Karatu, amekuwa kachumbari. Nikasema hapana, tutafute ukumbi, tiketi, watu wakae chini wamtazame yeye tu. Kila siku naenda kuomba, kwa mwenye ukumbi, kwa shule, kwa wafanyabiashara. Wananiambia maigizo si yale ya bure ya siku ya mwenge? Sasa kwa mara ya kwanza ukumbi utajaa. Leo nikipeleka gari kusema ni uongo, nimeua kila kitu."

"Mimi nimesema uongo kwa balozi, kaka Elirehema. Kwa watu watakaonizika."

"Tutaomba radhi jukwaani, mbele ya umati. Neno langu." Alifungua droo akampa kadi ya mwaliko, kiti cha mbele, bila malipo.

Paskalina alitoka na kadi mkononi. Kilichomkera kuliko yote ni kwamba sehemu ya maneno ya yule bwana aliyaamini.

*

Jumamosi ukumbi ulifurika, watu wakasimama hadi madirishani. Kutoka Rhotia hakuwepo hata mmoja. Paskalina alikaa kiti cha mbele na kadi yake.

Kwenye mchezo, Mzee Baha anajifanya kafa ili aone nani atamlilia. Anawekwa ndani ya jeneza, na akiwa mle anasikia ndugu wanagawana ng'ombe wake hata hawajamaliza chai. Ndipo anapolia. Kilio kile Dominic alikitengeneza mwenyewe: kilianzia chini kwenye kifua, kikapanda kinajikwaa, kikakatika kooni, halafu kikaishia kwa mlio mwembamba kama wa ndama aliyefungiwa mbali na mama yake. Watu walicheka mpaka wakashikana. Wakampigia makofi akiwa bado analia, naye akaongeza. Paskalina aliuma kanga yake, akashindwa kucheka.

Mwishoni Elirehema alishika maiki. "Na wale ndugu zetu wa Rhotia waliobeba kuni, tunawaomba radhi sana, kuni zile tungezihitaji, huku kuna baridi!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hiyo ndiyo ilikuwa radhi.

Dominic alirudi nyumbani na bahasha nene kuliko aliyowahi kuiona maishani. Walinunua dawa, wakalipa ada, na mbolea ikapatikana. Ila kisimani Paskalina alipofika maongezi yaligeuka kuwa ya mvua. Kwenye jumuiya walimwachia nafasi kwenye benchi, nafasi kubwa kuliko anayohitaji mtu mmoja. Alimtuma Dominic kwa Xavery na kilo za sukari kuomba msamaha. Xavery aliipokea, akasema yameisha, wala hakumkaribisha ndani.

"Yatapita," Dominic alimwambia.

"Na mama akifa kabla hayajapita?"

"Usiseme hivyo."

"Nani mwingine wa kusema, Dominic? Sisi wawili tutambeba?"

*

Bibi Flaviana alikufa mwezi haujaandama tena, alfajiri, amelala upande wa ukuta. Alikuwa amekula uji jana yake na kulalamika hauna chumvi. Paskalina ndiye aliyemkuta. Alimfumba macho, akamnyoosha miguu iliyokuwa bado laini, akamwita Dominic, na Dominic alipoona alikaa chini sakafuni.

Paskalina alijitanda kanga, akaenda kwa Selestina.

Selestina alikuwa anakamua ng'ombe. Hakuinuka.

"Mama Selestina, bibi ametutoka."

Maziwa yaliendelea kuchuruzika ndooni. "Safari hii tiketi ni shilingi ngapi?"

"Ni kweli. Nakuapia. Njoo umwone."

"Niliona juzi. Nililia mpaka kichwa kikaniuma siku mbili. Wewe ulikuwa unaniangalia, Paskalina." Hakumwita mama Anitha. "Nenda kawatafute wenzenu wa Karatu."

Alizunguka nyumba zilizobaki. Kwa Xavery alijibiwa na mke wake kwamba balozi kaenda shamba, na viatu vya balozi vilikuwa mlangoni. Mwingine alimsikiliza kwa tabasamu, anatazama huku na huku kama anayetafuta kamera. Mtoto mmoja alimuuliza Mzee Baha yuko chini ya kitanda gani. Mama yake akamfinya, lakini naye alikuwa amebana kicheko.

Paroko alikuwa vigango vya mbali, akaahidi kwa simu misa ya Jumapili, na kwa mazishi angemtuma katekista kutoka mjini. Dominic akampigia Elirehema. Paskalina alipojua ilikuwa imeshachelewa. Elirehema alilia kwenye simu, alilia kwelikweli, akasema msiwe na wasiwasi hata kidogo, Umoja utasimamia kila kitu, jeneza, turubai, viti. Na kwa moyo wake wote mweupe akatuma gari la matangazo.

Paskalina alikuwa anachambua mchele aliposikia kutoka barabarani ile sauti nzito ya Obed: "Tunasikitika kuwatangazia kifo cha Bibi Flaviana wa Rhotia, mama mzazi wa Mzee Baha..." Sinia lilimtoka mikononi. Alikimbia, miguu peku, akapita katikati ya mahindi hadi barabarani anapunga mikono wasimame, lakini gari lilikuwa limeshapita na watoto walikuwa wanalikimbilia kwa vifijo. Wanaume kwenye kibanda cha bodaboda walikuwa wanapigana mabega. "Duh, sehemu ya pili hiyo!" mmoja alisema. "Safari hii wamemuua bibi!"

Paskalina alikaa kwenye tuta la barabara akalia kwa hasira, na hakuna aliyemwambia pole.

*

Waliozika walikuwa waigizaji. Walifika na basi dogo la Umoja, wamevaa vizuri, wamebeba viti vya ukumbini, na walichimba kaburi vibaya maana wengi wao walikuwa watu wa mjini. Mikono iliwachubuka, hawakulalamika. Elirehema mwenyewe aliingia shimoni na suruali yake ya pasi. Paskalina alipika wali na maharage ya watu wengi, kwa vyungu vya kuazima mjini, huku anajua anawapikia wachache. Alishindwa kupika kidogo. Kupika kidogo kungekuwa kukubali.

Wakati jeneza linatolewa ndipo alipowaona majirani. Walikuwa wamejipanga upande wa pili wa ua wa minyaa, wengine wamekaa kwenye nyasi, wameshika watoto. Hawakuja kuzika. Walikuja kutazama, kwa kuwa safari hii ilikuwa bure. Katekista alipofungua kitabu, sauti moja ikasema, "Yule anayeigiza padre ni mzuri, eh?"

Jeneza liliwekwa ukingoni. Dominic alisogea, akaweka mkono juu ya ubao, na kilio kikamjia.

Kilianzia chini kwenye kifua. Kikapanda kinajikwaa, kikakatika kooni, kikaishia na mlio mwembamba wa ndama. Hakuwa na kingine. Kile cha jukwaani alikuwa amekitoa humu humu ndani mwake, na sasa alipokihitaji kwa ajili ya mama yake kilitoka vilevile, hatua kwa hatua, kama watu walivyokizoea.

Nyuma ya ua wakacheka. Kwanza mmoja, halafu wengi. Kisha mtu akapiga makofi.

Dominic alinyamaza. Aliufunga mdomo wake ghafla, akausukuma mkono kinywani, akauma. Mabega yalikuwa yanamtetemeka na sauti haitoki. Paskalina alimfikia akamkumbatia kwa nyuma, akihisi namna kilio kinavyomgonga mbavu na kurudi.

Makofi yalipungua. Hakuna mwigizaji anayekatiza kilio pale watu wanapoanza kumpenda, na hilo hata wao, watu wa jembe, walilihisi. Ndipo Selestina alipopenya kwenye minyaa. Minyaa ilimchana kanga, hakujali. Alifika ukingoni akasema, "Fungueni."

"Mama, tumeshapigilia..." Elirehema alianza, akiwa shimoni kupokea jeneza.

"Nimesema fungueni."

Wakaufungua ubao wa juu. Selestina aliinama, akamgusa Bibi Flaviana kwenye paji la uso, akauacha mkono pale. Walikuwa wameolewa kijiji kimoja, walipanda maharage pamoja, na bibi huyu ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Ni kweli!" aliwageukia wenzake. "Ni kweli jamani! Acheni kucheka, ni Flaviana!"

Wakaja. Walikuja wakikimbia, wanaume wanavua makoti, wanawake wanafunga kanga viunoni, na kilio kilichopanda kilikuwa kizito mpaka ng'ombe wa jirani wakaitikia. Xavery alimtoa Elirehema shimoni kwa kumshika mkono, bila ukali, akaingia mwenyewe kulinyoosha kaburi. Majembe yakatoka kwenye mikono iliyochubuka yakaingia kwenye mikono inayojua. Wimbo waliouimba haukuwa wa mchezo wowote. Walimzika Bibi Flaviana kama alivyostahili, na udongo ukapigwa ukakaa sawa, na maua yakawekwa.

Paskalina alitangulia nyumbani moyo unamwenda mbio kwa shukrani. Pale kwao mtu aliyetoka kuzika hanawi kwake. Ananawa mlangoni kwa mfiwa, anakula chochote alichopewa hata kama ni tonge moja, ndipo anakwenda zake. Alijaza beseni kubwa, akaliweka mlangoni na sabuni mpya, akaweka taulo begani. Akafunua vyungu. Wali ulikuwa mwingi, na safari hii watu wapo.

Waliteremka kutoka kaburini kwa kundi, udongo mikononi, udongo kwenye kanga. Selestina alikuwa mbele. Alifika mbele ya beseni, akasimama.

"Karibuni," Paskalina alisema. "Karibuni maji."

Selestina alimtazama. Hakuwa na hasira tena, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Nimemzika Flaviana," alisema. "Yenu bado sijayazika."

Alipita. Xavery akapita, akagusa kofia yake kidogo kwa heshima. Wengine wakapita, mmoja baada ya mwingine, mikono yao imening'inia na udongo wa kaburi, wakatoka getini, wakaenda kunawa makwao. Watoto waliopunguza mwendo kwa harufu ya wali walivutwa.

Waigizaji walinawa, wakala kimya, wakakusanya viti vyao kwenye basi. Elirehema alimpa Paskalina mkono. Jua lilipozama Dominic alitoka ndani akamkuta mke wake bado amesimama mlangoni na taulo begani.

"Ingia, mama Anitha. Hawarudi."

"Kuna ambao hawajanawa," alisema Paskalina, akamwaga yale maji machafu, akajaza beseni upya.